Tope Lililovaa Sanda ya Koko

Mlipokuja kuniaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mstaafu anayeangalia saa sijui huwa anangojea nini. Kisha mmoja wenu, yule mwenye miwani, akaniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ya maabara ilivyokuwa zamani. Nikamwambia zamani kazi ilikuwa tope, na leo ni tope lilelile, ila ninyi mmepata glavu. Akacheka akidhani namtania. Basi nimeketi barazani kwangu hapa Kabondo, pikipiki zinapita zikinipigia kelele, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, hayo mtayapata kwa wanaoyapenda.

Nilizaliwa Yanonge, kwa watu wa mto. Baba alikuwa mvuvi, na sisi wasichana tulijua kupiga kafi kabla ya kujua kusuka nywele. Masista walinifundisha kusoma, na nilipofikia umri wa kujitafutia nikaja mjini. Wakati huo mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la mzungu aliyepita hapa na bunduki zake. Nilipata kazi ya kuosha vyombo katika maabara iliyochunguza matope ya maziwa. Palikuwa na nyumba moja ndefu ya mabati, meza mbili, darubini moja, chumba kimoja cha baridi, na mabomba ya alumini yaliyolazwa kila mahali hata hukujua pa kuweka mguu.

Siku ya kwanza alinipokea Papa Ramazani. Ndiye aliyekuwa fundi wa maabara, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alitoka katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walifika huku pamoja na misafara ya biashara, wakajenga, wakaoa, wakabaki. Alikuwa mwembamba, nadhifu, kofia ya kufuma kichwani, na koti la kazini alilipiga pasi kana kwamba tope lingemwonea haya. Hakuniuliza jina. Alichukua tope kidogo kwa ncha ya kisu, akaniwekea kiganjani.

"Weka kwa meno," akasema.

Nilidhani ni mchezo wa kumcheka mgeni. Nikamtazama. Akachukua lake, akatia mdomoni, akatafuna polepole na macho amefumba, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Weka, mama. Sasa unaambia mimi: iko nasaga ao iko nateleza?"

Nikaweka. Lilikuwa linateleza. Akanipa jingine, na hilo likasaga mpaka nikasikia kwenye masikio. Akanieleza kwamba linaloteleza ni udongo laini, ule unaotua mahali ambapo maji ni mengi na yametulia. Linalosaga ni mchanga, na mchanga ukifika katikati ya ziwa ujue maji yalipungua na ukingo ulisogea karibu. Darubini ingesema yote hayo vizuri zaidi, lakini darubini ilikuwa moja na meno tulikuwa nayo ya kutosha. Tangu siku hiyo nimekula ziwa zima kwa vipande vidogo. Majirani walipojua, wakaniita Mama Potopoto, yaani mama wa matope, na jina hilo limenishika mpaka leo kuliko lile la ubatizo.

Mkuu wetu tulimwita Docteur tu. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, aliyekuwa akiongea na tope kwa lugha ya kwao alipodhani hatumsikii. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kuosha vyombo, si kwa sababu ya akili yangu, bali kwa sababu alihitaji mtu anayeweza kusimama ndani ya pirogi, yaani mtumbwi, bila kuitikisa. Kuna kiziwa nyuma ya msitu, upande wa Isangi, ambacho zamani kilikuwa kona ya mto. Mto ulihama njia ukakiacha. Jina lake sitalitaja. Mwenye kiziwa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, alituomba tusilitaje ili wavuvi wa mbali wasije kummalizia samaki, nasi tulimwahidi.

Nakumbuka alivyosimama ukingoni akituuliza tunataka kuchukua samaki gani.

"Hakuna samaki, mama," Papa Ramazani akamjibu. "Tunatafuta tope ya chini."

"Tope?"

"Ndiyo, mama. Tope."

Alicheka mpaka akaketi chini. Akawaita jirani zake waje wawaone watu wa mjini waliokosa tope kwao. "Beba yote!" akatuambia. "Na ile ya njia ya kisima beba pia!"

Tulifunga pirogi mbili pamoja, tukatandika mbao juu yake, na katikati tukaacha tundu. Bomba lilishushwa kupitia hapo, ndani yake mna kizibo cha ngozi kilichofungwa waya. Watu wanasukuma bomba, mmoja anashikilia waya ili kizibo kisishuke na bomba, na hivyo tope linaingia bila kuvurugika. Ukiachia waya, kazi yote imekwisha. Ukishikilia vizuri, unavuta, na bomba linaachana na ziwa kwa mlio ambao siwezi kuuandika mbele ya watu wenye adabu. Docteur alifurahi mno kwa mlio wa kwanza hata akapiga hatua nyuma, na nyuma hapakuwa na ubao. Kofia yake ilielea muda mrefu kuliko yeye. Papa Ramazani hakumcheka. Alisema tu, "Docteur ameenda kupima kina," kisha akampa mkono.

Bomba la mwisho ndilo lililokwenda chini kuliko yote, na habari ninayotaka kuwapa ni ya tope hilo. Tulilikata vipande virefu kama urefu wa mkono, ili vibebeke. Kila kipande Papa Ramazani alikipaka rangi nyekundu upande mmoja. Huo ulikuwa kichwa. Upande mwingine ulikuwa miguu. Tope la kichwani ni la jana, la miguuni ni la kale, na ole wako ukigeuza, maana utakuwa umewafanya wajukuu wawazae babu zao. Mpaka leo mkifungua sanduku mnaanzia miguuni, hamjui kwa nini. Ni kwa sababu yake yeye. Alisema kichwa ndicho laini, na mikono ya mtu hutulia akiwa amekwisha kuanza kazi.

Tulipofika mjini tulilipasua kwa urefu, katikati kabisa, kwa waya wa gitaa. Wanamuziki wa baa moja ya jirani walikuwa wakituwekea nyaya zao zilizokatika. Kila kipande kikawa nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kazi: unakata, unaosha, unachoma, unatafuta chavua na makaa. Nusu ya pili ni ya akiba, nayo haiguswi. Inafungwa, inalowanishwa, inawekwa kwenye baridi, ingoje watu wenye macho makali kuliko yetu. "Akiba haiozi," Papa Ramazani alipenda kusema, na mtu yeyote aliyetia kidole kwenye nusu ya akiba alijua kwamba siku hiyo hatasalimiwa.

Lilikuwa tope zuri. Samahani, sina neno jingine. Juu lilikuwa jeusi, la majani yaliyooza, la msitu kama tunavyoujua. Chini yake, kwa muda mrefu, lilikuwa vilevile. Halafu, karibu na miguu, kukawa na mkanda mweupe wa mchanga. Nilitia kidogo mdomoni, ukasaga mpaka machozi yakanitoka. Docteur aliinama juu ya mkanda ule. Kisha akatuambia kwamba zamani za kale, kabla ya bibi wa bibi zetu, mvua ilikata huku kwetu. Kiziwa kilikauka karibu chote. Papo hapo tulipo, kwenye mvua isiyotuachia hata nguo zikakauka, palikuwa na kiu. Swali lilikuwa moja: kiu ile ilidumu muda gani? Jibu lilikuwa ndani ya mkanda ule, kwa maana mchanga wake ulikuwa umelala tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa, zikingoja kuhesabiwa.

Kabla hatujahesabu, uhuru ukaja. Nilicheza barabarani mpaka kiatu kikakatika kamba, nami sijutii kiatu. Lakini baada ya furaha ukaja wasiwasi, na wazungu wakaanza kufunga masanduku. Docteur alifunga la kwake mwisho. Alipita maabara nzima akigusa mabomba, kisha akamkabidhi Papa Ramazani funguo.

"Usiliache likauke," akasema.

"Haitakauka," akajibu Papa Ramazani.

Docteur akapanda gari, nasi tukarudi ndani kazini kama kawaida. Kuna watu waliomdhihaki Papa Ramazani kwamba analinda tope la mzungu. Aliwajibu kwamba ziwa liko Isangi, na Isangi haijawahi kuwa kwa wazungu.

Tulifanya kazi hivyo, sisi wawili, tukiziacha zile kurasa zimngoje mtaalamu wa kuzihesabu, mpaka waasi walipoingia mjini. Mwajua habari zao kutoka kwa wazee wenu, sitazirudia. Nitasema tu lililotuhusu: umeme ulikata, na chumba cha baridi kikawa chumba cha joto. Papa Ramazani aliweka kiganja ukutani, akakitoa, akaniambia tutafute kigari. Tulipakia nusu ya akiba yote, tukaifunika majani makavu, na tukaisukuma mchana kweupe hadi nyumbani kwao. Nusu ya kazi tulikusudia kuifuata siku iliyofuata. Tulipofika maabara, mlango ulikuwa umevunjwa, tope limemwagwa sakafuni, na mabomba yote yamechukuliwa. Alumini ile ilikuwa nzuri kwa sufuria. Kwa miezi mingi baadaye kila niliposikia kifuniko kikigonga sufuria ya mtu, moyo uliniuma.

Kwa hiyo nusu ya akiba ndiyo iliyobaki. Hapakuwa na nyingine, na njia ya Isangi ilikuwa imefungwa. Nami sikuweza kurudi Yanonge, nikabaki kwa familia ya Papa Ramazani. Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakumjua mama yake. Mimi nilipewa ndoo siku ile ile ya kwanza.

Mama yake huyo sote tulimwita Koko, kama watu wa mjini wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mzee sana, mdogo wa umbo, ulimi mkali, na nyumba ilikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya udongo ya mume wake, kuta nene, na chumba cha nyuma kilikuwa na ubaridi hata adhuhuri. Tukalaza vipande vya tope humo juu ya kitanda cha kamba, ubavu kwa ubavu. Tatizo lilikuwa la kufunikia. Karatasi za nta zilikwisha. Majani mabichi Papa Ramazani aliyakataa, kwa kuwa majani yanaoza na tope lenyewe linasimulia habari za majani. Utajua vipi lipi la kale na lipi la juzi? Tulihitaji kitambaa safi, cha pamba, kikubwa, cha kulowanisha asubuhi na jioni. Na maduka yote yalikuwa yamevunjwa.

Koko alisikiliza mazungumzo yetu, akainuka, akaingia chumbani mwake, akarudi na furushi jeupe la kitambaa cha amerikani linalonukia karafuu. Papa Ramazani akaruka kama aliyekanyaga moto.

"Mama, hapana! Ile iko sanda yako!"

Wazee wa Kiislamu, kama mjuavyo, wengine huiweka sanda yao tayari, wasije wakawasumbua watoto. Koko aliinunua zamani kwa mikono yake mwenyewe, na kila mwaka aliitoa, akaianika, akaikunja upya.

"Bon, mimi nakufa leo?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Donc iko nafanya nini kwa sanduku? Iko nalala bure. Funika potopoto yenu. Siku nitaitafuta, nitasema."

Papa Ramazani alibishana naye hadi akachoka. Mtu hambishii mama aliyekwisha kukunja mikono. Tukalifunika tope.

Baada ya hapo Koko alilichukua tope kama ndugu wa nyumba moja. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwenzangu amekunywa mayi?" Nikimwambia amekunywa, ndipo naye alipokunywa chai yake. Alimdhihaki mwanawe: "Unasema akiba haiozi. Ya potopoto ilianza kuoza mbele nizaliwe!" Papa Ramazani, ambaye mjini kote alijulikana kuwa hacheki, alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Nilimpenda mwanamke yule. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia.

Waasi walikuja kupekua nyumba mara moja. Walikuwa vijana, majani kichwani, na mkuu wao alikuwa na sauti kubwa kuliko umri wake. Wakafungua chumba cha nyuma. Mbele yao palikuwa na kitanda, na kitandani kitu kirefu kimelala, kimefunikwa sanda nyeupe iliyolowa. Wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Walikuwa na miiko yao mingi, na nadhani kukaribia maiti ulikuwa mmojawapo.

"Koko, nani amekufa hapa?" mkuu akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuna mutu amekufa," Koko akasema. "Iko potopoto."

"Koko, usituchekeshe. Ni nani?"

"Nasema potopoto! Ya Isangi. Funua, uone."

Hakufunua. Alimtazama yule bibi kwa huruma kubwa, kama mtu aliyeona huzuni imempotosha mzee akili. "Pole sana, Koko," akasema. "Mungu akupe nguvu." Akawatoa vijana wake, na mmoja akafunga mlango taratibu asipige kelele. Koko alikasirika siku nzima kwamba alisema kweli na hakusadikiwa.

Kuelekea mwisho wa mambo hayo, homa ilimshika. Dawa hazikuwepo. Alipoona kwamba homa haitoki, alimwita mwanawe, nami nilikuwa hapo nikimkanda miguu. Akamwonyesha kitenge chake kilichotundikwa ukutani, akamwambia: "Nikikufa, munifunge na kikwembe yangu ya kijani. Ile nyeupe ibaki kwa potopoto. Umesikia?" Papa Ramazani akasema, "Mama, utapona." Koko akasema, "Sikuuliza hiyo."

Alikufa alfajiri moja, mji ukiwa unalia risasi kila upande. Ilikuwa siku ambayo hakuna aliyeweza kutoka kwenda mtoni kuchota. Tulikuwa na pipa moja la maji, nusu yake. Wanawake wa jirani walipita nyuma ya nyua, wakafika, na aliyewaongoza katika kuosha alikuwa Mama Zubeda, mke wa fundi cherehani. Aliingia, akaketi kando ya Koko, akamfunga kidevu. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu alilijua linakuja.

"Sanda yake iko wapi? Alikuwa nayo."

Papa Ramazani alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, ameshika mwimo.

"Alisema tumufunge na kikwembe," akasema. "Mwenyewe. Alisema nyeupe ibaki."

"Alisema hivyo?" Mama Zubeda akanigeukia.

"Alisema," nikajibu, kwa kuwa ni kweli.

"Bon," akasema Mama Zubeda polepole. "Kama alisema." Lakini hakuinuka.

Papa Ramazani akavaa viatu. Akasema anakwenda sokoni kutafuta kitambaa kingine. Wote tukasikia risasi, naye akasikia, na bado alifunga kamba. Hapo nikamwelewa. Hakuweza kulivua tope, na hakuweza kumzika mama yake bila ile sanda, basi alikuwa anajitafutia risasi ya kumwondolea shida. Nikasimama mbele ya mlango. Nilikuwa mgeni, mwanamke, Mkristo, na mdogo kwake, lakini nilisimama.

"Papa," nikamwambia, "Koko alisema vile juu anatupenda. Alisema juu ya tope yetu. Weye ndiye utabaki na hii mambo. Ukimufunga na kikwembe, kila siku utaona nyeupe kwa kitanda. Hautaangalia tena tope ile. Utaichukia."

"Docteur alisema isikauke."

"Docteur hayuko hapa. Mama yako iko hapa."

Kisha akavua viatu. Akaingia chumba cha nyuma, nami nikamfuata. Aliinama upande wa miguu, akashika pindo la kitambaa kwa vidole viwili, na akaanza kulikunja kuelekea kichwani, taratibu, bila kuvuta, kama tulivyokunja siku zote. Machozi yalimtiririka hadi shingoni na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

Kitambaa kilikuwa na michirizi ya kahawia, mmoja kwa kila kipande cha tope. Mama Zubeda alikifua, akakifua tena, na maji yakapungua pipani. Michirizi ikafifia lakini haikutoka. Akamwonyesha Papa Ramazani kwa macho. Papa Ramazani akasema, "Wacha. Alimuita mwenzake." Maji yaliyobaki yalimwosha Koko, yote, kwa utaratibu wake, kama inavyompasa mtu. Chumba kilichofaa kumwoshea kilikuwa kile cha nyuma. Kwa hiyo tope likatolewa nje, likalazwa chini ya upenu, uchi, na jua likapanda.

Risasi zilipotulia kidogo baada ya adhuhuri, wanaume walimswalia, wakambeba. Sisi wanawake tukabaki. Nilikaa karibu na vile vipande nikivipepea nzi na kuvitazama. Vile vya udongo laini vilivumilia. Vilikunja tu ngozi. Kipande cha pili kutoka mwisho, kile chenye mkanda mweupe, kilikuwa cha mchanga, na mchanga hauna wa kuushika maji yakiondoka. Kwanza ukaja ufa mmoja. Kisha zile kurasa zikaanza kuachana, moja moja, na kumwagika ubavuni bila sauti. Hapakuwa na tone la kutia, na njia ya mtoni ilikuwa bado imefungwa. Nililia, na wanawake wakadhani namlilia Koko, nao hawakukosea.

Jioni wanaume waliporudi, Mama Zubeda alitoka nje akifuta mikono. Akavitazama vipande chini ya upenu.

"Na huyu mwingine?" akauliza.

Nikamweleza kwamba hakuna kitambaa cheupe, kile cha kijani kingechuja rangi kwenye tope, na maji ya kulowanishia yamekwisha. Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapotafuta kalamu iliyo sikioni. Nyumba ilikuwa na majani ya kufungia kwanga, ile mikate ya muhogo, mzigo mzima, yaliyoletwa kwa ajili ya matanga. Mihogo ya kufunga ndiyo iliyokuwa kidogo. Wanawake wakaketi mkekani. Papa Ramazani alifungua mdomo kukataa majani, akaufunga. Wakavifunga vipande vyote kama wafungavyo kwanga, jani juu ya jani, kamba ikipita na kurudi, wakiongea habari za Koko na kucheka maneno yake. Mimi niliwaonyesha kichwa ni wapi. Tope halikukauka tena. Baadaye, amani iliporudi na tukalifungua, tulikwangua tu ngozi ya nje, kama mnavyofanya mpaka leo, na ndani lilikuwa bichi kama siku tulipolitoa ziwani.

Ila kile kipande cha mkanda mweupe kilikuwa vumbi.

Mtaniuliza kwa nini hatukurudi kuchukua jingine. Tulirudi. Mto ulikuwa umekata ukingo, umeingia ziwani na kusomba sakafu yake yote. Yule mama mwenye sauti ya kukwaruza alituonyesha maji yakipita kwa kasi, akatuambia, safari hii bila kucheka, kwamba tope letu limekwenda. Basi ule mchoro mnaoujua, uliobandikwa ukutani karibu na darubini mpya, ule wa mvua na ukame wa huku kwetu, umetoka kwenye nusu ya akiba peke yake. Unaonyesha msitu, unaonyesha maji yakianza kupungua. Halafu una pengo. Halafu, juu ya pengo, maji yamekwisha kurudi. Kwamba kulikuwa na kiu, tunajua. Kwamba ilikwisha, tunajua. Ilidumu muda gani, hatujui, na hatutajua.

Miaka ikapita, akaja mgeni mmoja, mtaalamu wa mambo haya, mtu mwungwana. Alisimama mbele ya mchoro na Papa Ramazani, ambaye sasa alitembea kwa fimbo. Alisifu kila kitu, na kwa kweli palikuwa pa kusifia. Kisha akaweka kidole kwenye pengo.

"Et ici?" akauliza. "Hapa kuko nini?"

"Hapa," Papa Ramazani akasema, "tulikuwa namuzika mama yangu."

Mgeni akatoa kidole chake, akavua kofia.

Papa Ramazani naye hayupo tena, na mchoro umebaki kwenu. Nasikia siku hizi mna mashine zinazoweza kukadiria, na wawili kati yenu mmekwisha kupendekeza pengo lijazwe kwa hesabu ili mstari upendeze. Mmoja aliandika pembeni kwa penseli, "uzembe wa watangulizi?" Nilifuta kwa kidole changu, sikusema kitu. Leo nasema. Msilijaze. Haukuwa uzembe. Asubuhi ile maji yalikuwepo nyumbani, nusu pipa, yangetosha kabisa kuulowanisha mkanda ule mweupe hadi jioni. Tulimwoshea Koko.